Duara Lisilosimama

Mtundani, Delta
12 Mei 2025

Kwa mjukuu wangu Warda, Kibiti,

Asalaam aleikum. Mimi sijambo, ila goti la kushoto, nalo halijanishinda. Mke mwenzio, bibi yako Waride, hajambo kiasi. Kifua kinambana siku moja, siku ya pili kinamwachia, lakini ulimi wake mzima, bado ananitukana asubuhi na jioni. Na wewe je, mke wangu mdogo? Unakula? Huko ofisini wanakupa hata kiti?

Nakuandikia kwa karatasi, namkabidhi Nurdini, nahodha wa boti ya zahanati, aivushe mpaka Nyamisati, kwa sababu simu mliyonipa si ya maongezi. Ni ya kuitia boti. Angepewa mtu mwingine hapa kijijini angeshaifanya ya kusikilizia mpira. Mimi naiweka juu ya kabati, imefunikwa kitambaa, na sola yake iko juu ya paa. Wala usisahau, Mtundani nzima mtandao unashika kibarazani kwangu tu. Wenye nyumba za matofali hawana. Mungu anajua anampa nani.

Sasa nikwambie. Hiki kitu chenu kina dharau.

Mlipokuja kutufundisha mlisema, mgonjwa akizidiwa fungua ukurasa, bonyeza kile kiboksi chekundu, boti ya zahanati inakuja. Haya. Ijumaa mke wa Mudathiri kashikwa na uchungu. Nikabonyeza. Kimya. Kiboksi kinanitazama, nami nakitazama. Nikabonyeza tena. Kimya. Mudathiri analia, "Mzee Mwinjuma, fanya kitu!" Nikabonyeza mpaka kidole kikapata moto. Kumbe kila nikigusa kule zahanati kunalia! Nesi akaona wito umejaa, akasema leo kuna chombo kimezama na watu. Nurdini akaja mbio na boti, kabeba machela zote na shuka za kusitiria maiti. Kufika, mwanamke mmoja, tena keshajifungua, anakunywa uji. Akanisimamia mbele ya watu: "Mzee, hao maiti wako wapi, au bado unawatengeneza?"

Wakacheka. Wakanicheka mimi! Mimi niliyevusha watu pale kivukoni tangu ndevu hazijaota, bwana shamba mzima nimembeba mgongoni na viatu vyake asikanyage tope.

Wewe baba yako alikuhamishia Kibiti ungali mdogo, kwa hiyo nakufundisha. Pale kivukoni mtu akifika ng'ambo anaita, "Ooo!" Mvushaji hata kama ana tonge mdomoni anaitika, "Ooo!" Hajashika kafi, hajainuka, lakini keshaitika. Yule aliyeita akishasikia, anakaa kitako. Haiti tena. Ukiita mara ya pili na umeshaitikiwa umemtukana mvushaji, atakuacha hapo mpaka maji yapwe. Ndiyo adabu ya maji, hata mtoto wa huku anaijua. Kiboksi chako hakina adabu. Kiambie kiwe kinaitika.

Mke mwenzio anakusalimu, anasema usinisikilize. Wewe nisikilize.

Mimi babu yako,
Mwinjuma


Kibiti
20 Mei 2025

Shikamoo Babu, mume wangu mkorofi,

Barua imefika ikiwa na harufu ya dagaa, nimeiweka karibu na pua nikaona kwetu. Mimi mzima wa afya, ninakula, na kiti ninacho, kinazunguka. Bibi naomba aende apimwe kile kifua, asisubiri kimshike. Mwambie mke mwenzake ndiye anayesema.

Habari ya maiti wako nimecheka hadi wenzangu wakageuka. Halafu nikafikiri nikaacha kucheka. Babu, kosa si la kidole chako, ni langu. Ukibonyeza, wito unatoka kwenye simu, unakwenda mnarani, unafika kwenye mashine yetu, mashine inaliza simu ya nesi, naye akikubali ndipo jibu linarudi kwako. Mtandao wa huko ukiwa mchovu, safari hiyo inachelewa. Muda wote huo ukurasa wangu ulikuwa umenyamaza. Nani asingebonyeza tena?

Basi nimeongeza duara. Kuanzia sasa ukibonyeza, kiboksi kinajifunga, hakibonyezeki mara ya pili, na mahali pake panatokea duara la buluu linalozunguka. Jibu likirudi, duara linageuka kijani, na chini yake maneno BOTI INAKUJA. Nimelijaribu hapa ofisini siku nzima, linazunguka vizuri mno. Mkubwa wangu wa kazi alitaka yaandikwe maneno tu, nikamwambia watu wetu si wote wanaosoma, lakini kila mtu anajua kwamba kinachozunguka ni kizima.

Hilo duara ndilo ile "Ooo" yako, Babu. Ukiliona linazunguka, ujue umeitikiwa. Kaa kitako.

Nakupenda, na Bibi nampenda zaidi yako.

Mjukuu wako,
Warda


Mtundani
9 Juni 2025

Kwa Warda, mke wangu fundi,

Marahaba. Idd tumeila salama, mbuzi nimechinja mwenyewe kwa mkono huu, vijana walikuwa wanamwogopa. Waride anakohoa kidogo lakini pilau alikula. Kupimwa anasema ataenda maji yakiwa mazuri.

Duara nimelipokea. Warda, umefanya jambo! Nurdini aliposema nijaribu nilibonyeza mbele ya watu, wamejaa kibarazani mpaka wengine wamekaa kwenye kinu. Likazuka. Likazunguka. Kisha likawa kijani, na boti hiyo ikaja. Nikawaambia, mmeona? Huyo ni mjukuu wangu, damu yangu hiyo, akili hakuokota barabarani.

Nimewapa sheria. Duara likizunguka hakuna kugusa, hakuna kupiga kelele, hakuna mtu kuchukua mtumbwi akajifanya anawahi, maana boti itapita mkono huu wa mto na yeye atapita ule, watapishana, mgonjwa afie njiani. Limeitika, basi, kaa. Dada yangu Rukaiya, unamjua kwa ubishi, akasema, "Kaka, na lisiposimama je?" Nikamwambia, "Wewe hata saa husomi, utajua ya duara?" Watu wakacheka. Safari hii hawakunicheka mimi.

Shemeji yangu Abdulla, kaka yake bibi yako, alitaka simu ihamie kwake kwa kuwa ana mlango wa chuma. Nikamwambia mlango wa chuma hauiti boti. Amenuna mpaka leo.

Waride anauliza utakuja lini. Njoo mwezi wa saba, ndimu zitakuwa zimeiva.

Babu yako mwenye simu,
Mwinjuma


Kibiti
3 Agosti 2025

Shikamoo Babu,

Sijui nianze vipi. Nimeanza mara nyingi nikachana.

Nilikuja kumzika Bibi na sikulisikia neno lako hata moja. Nilikushika mkono ukaniachia. Matanga yote ulikaa kibarazani na ile simu mapajani, umeifunika kwa kitambaa, ukiichungulia, ukiifunika tena. Nilidhani ni majonzi. Nikaondoka bila kuaga vizuri, nisamehe.

Sasa Babu Abdulla amepita hapa Kibiti. Alikaa mlangoni, hakutaka hata maji. Anasema siku ile Bibi alipozidiwa wewe hukuita. Anasema zahanati wamemwambia hakuna wito uliofika, na Nurdini alishinda gatini siku nzima anashona turubai la kivuli la boti yake. Anasema ulikataa mtumbwi kwa ukaidi, ukamkalisha dada yake hadi akakata roho, na hilo atalisema kwenye hitma mbele ya watu wote.

Mimi sikuamini.

Babu, niambie ilivyokuwa. Usinifiche. Uliita?

Warda


Mtundani
11 Agosti 2025

Warda,

Salamu zako nimezipata. Mimi mzima. Nyumba kimya.

Unaniuliza kama niliita. Umeniuliza wewe. Sawa, nitakujibu, halafu nami nitakuuliza.

Asubuhi ile Waride aliamka anapika, akakaa chini, akasema, "Mwinjuma, kifua." Nikamjua kwa macho, si kile cha siku zote. Maji yalikuwa yanajaa, mazuri, mto umefura. Nikachukua simu, nikabonyeza mara moja kama ulivyosema. Duara likaja. Likazunguka. Nikamwambia mke wangu, tulia, wameitika.

Rukaiya akaja mbio na mkeka. Akasema, "Kaka, tumlaze kwenye mtumbwi, maji haya yatatufikisha zahanati kabla ya adhuhuri." Nikamwambia weka mkeka chini. Hulioni duara? Akasema, "Naliona, na boti siioni." Nikamfukuza. Dada yangu wa tumbo moja nilimfukuza kibarazani.

Nikakaa. Waride kichwa chake kiko hapa, kwenye paja. Ananiuliza, "Bado?" Nikamwonyesha. Akalitazama, akatabasamu, akasema, "Linazunguka kama ulimi wako." Halafu hakuuliza tena. Maji yakajaa mpaka kwenye ngazi, yakasimama, yakaanza kurudi. Nikayaona yakirudi. Nilijua, Warda, mimi mvushaji, najua maji yanayorudi yana maana gani. Lakini duara lilikuwa linazunguka, na mtu akishaitikiwa haiti tena wala haondoki. Ndivyo nilivyolelewa, ndivyo nilivyowaambia watu. Mto ukabaki tope. Hata mtumbwi sasa hauendi. Akafariki alasiri.

Mlimzika nami nimekaa na simu kwa sababu duara lilikuwa bado linazunguka. Naitia chaji. Hata sasa ninavyoandika lipo hapo, linazunguka. Abdulla alipokuja kunitolea maneno nikamwonyesha. Akasema, "Hiyo picha tu, mzee. Hata khanga ina maua, hayanuki."

Sasa swali langu. Usinipe maneno matamu ya ofisini. Lilipokuwa linazunguka, kule upande wa pili kulikuwa na mtu au hakukuwa na mtu?

Mwinjuma


Kibiti
19 Agosti 2025

Babu yangu,

Hakukuwa na mtu.

Niliposoma barua yako nilizima mtandao wa simu yangu, nikafungua ukurasa, nikabonyeza. Duara likaja. Nikaliweka juu ya meza nikalitazama. Wenzangu walikwenda kula wakarudi, lilikuwa linazunguka. Walifunga ofisi, lilikuwa linazunguka. Simu haina mtandao hata chembe, wito haujatoka hata mlangoni, na duara linazunguka kwa uzuri ule ule ambao wewe uliwaitia watu waje kuuona.

Babu, mimi ndiye niliyelifanya hivyo. Nililiambia lianze pale kidole kinapogusa, lisimame pale jibu linaporudi. Sikuliambia lifanye nini jibu lisiporudi kabisa. Hapa Kibiti jibu hurudi daima, kwa hiyo sikuona. Nilikuandikia kwamba duara ndilo sauti ya mvushaji. Halikuwa. Ilikuwa sauti yako mwenyewe inakurudia kutoka kwenye mikoko. Wewe uliniamini kwa sababu mimi ndiye niliyesema.

Uliita, Babu. Uliita kama inavyotakiwa. Barua hii mpe Babu Abdulla aisome, na msomee kila mtu kwenye hitma. Nitakuja mwenyewe nisimame niseme. Nimemwambia mkubwa wangu naacha kazi. Kabla sijaondoka nataka kulitoa lile duara lisimdanganye mwingine.

Sina haki ya kukuomba chochote.

Warda


Mtundani
14 Septemba 2025

Kwa Warda, mjukuu wangu,

Asalaam aleikum. Goti lilelile. Rukaiya ananipikia, ananuna lakini anapika.

Barua yako nimeisoma polepole, maneno mengine nimeyarudia. Nilipomaliza nilichukua simu. Nikalitazama duara mara ya mwisho. Nikaizima. Kisha nikaenda kaburini kwa Waride nikamwambia.

Hitma tumesoma, nawe sikukuarifu siku yake, makusudi. Abdulla alisema aliyoyasema, mbele ya sheikh, mbele ya watoto. Barua yako ilikuwa mfukoni mwangu. Sikuitoa.

Usidhani ni huruma. Nilitazama wale watu. Nikasema moyoni, nikiisoma hii, kabla ya magharibi simu itakuwa mtoni, na wewe hutokanyaga Mtundani maisha yako. Na mkoko haujaota miguu, zahanati iko pale pale, mbali. Kesho mwanamke mwingine atashikwa na hakutakuwa hata cha kubonyeza. Nikawaambia neno moja tu, "Niliita." Abdulla akatema mate. Jina langu ni langu, Warda, mabega yangu yamebeba mizigo ya kila namna, na hili nitalibeba.

Lakini wewe kazi huachi. Umenisikia? Fundi chombo chake kikivuja na mtu akafa maji, hakimbilii bara akalime mihogo. Anarudi na pamba na nyundo, anaziba, na watu wanamtazama akiziba. Aibu yake ndiyo hiyo hiyo, aifanyie kazi. Ukiacha, watamleta mwingine atakayejaribu Kibiti kama wewe.

Duara usilitoe. Lirekebishe. Lisizunguke tu kama mlevi, liseme limefika wapi. Na likishindwa lisimame, liwe jekundu, liseme. Maneno nakupa mimi, usibadilishe hata moja: HAKUNA ALIYESIKIA. CHUKUA MTUMBWI.

Kukusamehe sijajua. Niache kwanza. Lakini andika.

Babu yako,
Mwinjuma


Kibiti
12 Oktoba 2025

Shikamoo Babu,

Natumaini goti limepungua, na Bibi Rukaiya ameacha kununa. Mimi nipo. Kazi sikuacha.

Duara sasa lina vipande vitatu, halizunguki, linajaa. Kipande cha kwanza kinajaa wito ukitoka kwenye simu yako kweli. Cha pili ukiingia zahanati. Cha tatu hakijai mpaka Nurdini mwenyewe aguse simu yake kwa kidole chake kusema naja. Kipande chochote kikikwama kupita muda mfupi, duara linasimama, linakuwa jekundu, simu inapiga kelele, na yanatokea maneno yako. Ofisini walitaka iandikwe "Samahani, jaribu tena baadaye." Niliwaambia habari ya Bibi. Wakayaacha maneno yako kama yalivyo.

Safari hii sikujaribu Kibiti. Nilipanda gari hadi Mloka, nikatembea mpaka mtandao ukakata, nikabonyeza porini peke yangu. Wanawake waliokuwa wanalinda mahindi yao dhidi ya nyani wakaniuliza kama nimepotea. Nikawaambia nasubiri kitu kishindwe. Kikashindwa. Kikasimama, kikasema. Nikakaa chini nikalia, wakanipa muhogo.

Nurdini ataliweka duara hili jipya kwenye simu yako akileta barua hii.

Mjukuu wako, ukikubali,
Warda


Mtundani
30 Novemba 2025

Kwa mjukuu wangu Warda,

Asalaam aleikum. Nakwambia mwanzo ili usisome kwa hofu: Zamda binti wa Abdulla ni mzima, na mtoto wake mzima, wa kiume. Wako zahanati, wamelazwa, wanakula. Mimi mikono imechubuka yote miwili, hata kalamu inateleza, na vijana wa hapa wangepiga kafi nilivyopiga mimi wangezimia.

Ilikuwa jana mvua imekatika. Abdulla, ambaye tangu hitma hakukanyaga kwangu wala kuitikia salamu, nikamwona anakuja kanzu imelowa damu. Hakupiga hodi. Akasema, "Zamda anatokwa damu. Ita." Nikachukua simu, nikabonyeza. Duara likatokea. Tumesimama wawili tunalitazama, bega kwa bega. Kipande cha kwanza hakikujaa. Likasimama. Likawa jekundu, simu ikalia.

Abdulla anasoma kunishinda, kasoma shule mpaka darasa la nane. Akasoma kwa sauti: "Hakuna aliyesikia." Akasoma tena, hiyo ya kwanza tu, ya mtumbwi hakuifikia. Nikamshika mkono nikamwambia tunakwenda, maji ndiyo kwanza yamejaa. Rukaiya alikuwa keshatandika mkeka ndani ya mtumbwi, hakungoja kuambiwa na mwanamume. Akamlaza Zamda, akamkamata kichwa. Mimi nyuma, Abdulla mbele.

Tulipofika katikati ya mto, pale panapogawanyika mikono miwili, akaacha kupiga kafi. Hakugeuka. Mgongo wake tu nauona.

Akasema, "Shemeji. Siku ile uliita."

Hakuniuliza, Warda. Alisema.

Nikamwambia, "Piga kafi, Abdulla. Maji hayatungoji tumalize maneno."

Akapiga.

Babu yako,
Mwinjuma